Mlango wa Nyuma, Upande wa Kushoto

Jumanne, 4 Machi

Nimegongwa! Si mimi mwenyewe, gari. Lakini gari hili na mimi tumeishi pamoja muda mrefu, likigongwa lenyewe mbavu zinaniuma mimi.

Ilikuwa hivi. Niko mezani kwangu maktaba, nabandika namba kwenye migongo ya vitabu. Kimya kizuri. Mara nje, kishindo. Si kikubwa. Kama mtu aliyeangusha sufuria jikoni kwa jirani. Wasomaji wakainua vichwa, wakaviinamisha. Punde akaingia daktari wa meno, yule mama mwembamba mwenye kliniki ng'ambo ya barabara. Tunaegesha uwanja mmoja. Koti jeupe, funguo za gari mkononi. Akaniuliza kwa kunong'ona lile gari la bluu ni la nani. Nikanong'ona kwamba ni langu.

"Nimekugonga," akasema, kama anayetoa taarifa ya msiba.

Tukatoka kuangalia. Mlango wa nyuma, upande wa kushoto. Umebonyea kama bakuli, na mkwaruzo mrefu juu yake. Alikuwa anarudi nyuma, akakata kona mapema. Kosa ni lake lote, akasema mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Dereva wa aina hii sijapata kumwona! Nilikuwa nimeandaa maneno makali, ikabidi niyameze. Akasema ana fundi wake mzuri, nimpelekee gari, mlango utarudi kama mpya, gharama zote juu yake, na watu wa bima tusiwasumbue.

Nikamwambia asijali, mambo haya hutokea. Nilikuwa mpole mpaka nikajishangaa. Akashukuru, akarudi kwa wagonjwa wake.

Nikabaki nalizunguka gari. Watoto wangu pacha waliliita Kikohozi kabla hawajaenda shule ya bweni, na jina limeganda. Mlango wa nyuma, sawa. Nikafika mbele. Bampa limefungwa kwa waya tangu siku niliposahau breki ya mkono, likateremka lenyewe mpaka kwenye ukuta wa jirani yetu. Taa moja ina ufa. Boneti ina kovu.

Nikatazama bampa. Nikatazama kliniki. Wazo likaja taratibu, likavuta kiti, likakaa.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu ameniuliza wakati wa chai kama daktari atatengeneza mlango. Nikasema mlango hasa. Akaniuliza "hasa" maana yake nini. Nikasema chai imepoa.

Akaingia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kuchukua suruali aliyoleta ipunguzwe kiuno. Mke wangu ni fundi cherehani, na shemeji hupunguza na kuongeza kiuno mara kwa mara ili apate sababu ya kuja kunishauri. Kila ushauri wake huanza hivyo hivyo: "Mimi ningekuwa wewe." Leo angekuwa mimi angeliuza Kikohozi kwa wauza vyuma chakavu. Kisha akanitoa nje kunionyesha, kwa mara nyingine, kamera ya nyuma ya gari lake. Ukirudi nyuma linalia lenyewe, ti-ti-ti. Nikamwambia hata mimi Kikohozi kinalia nikirudi nyuma. Hakucheka.

Hapo ndipo nilipoamua rasmi. Bampa, taa, boneti. Na kama fundi ataona inafaa, rangi yote. Mtu hawezi kupaka rangi mlango mmoja.

Nilimpigia daktari kutoka maktaba. Hadithi yangu fupi na safi: aliponigonga, Kikohozi kilisogea mbele, kikapiga ukuta wa maktaba. Sikuliona hilo pale pale kwa sababu ya mshtuko.

Upande wa pili kitu kikaanguka. Kisha akaniuliza, sauti imemshuka, kama niko salama. Nikanong'ona niko salama kabisa. Akauliza mbona sauti yangu imekuwa hivyo, kama mtu mwenye maumivu ya kifua. Nilitaka kumwambia niko maktaba, kuna bango la KIMYA juu ya kichwa changu na nimeliandika mimi mwenyewe. Lakini wakati ule ule msomaji mmoja alinikazia macho. Nikanong'ona zaidi kwamba nitapona tu.

Akasema pole. Akasema tena. Nimekata simu bado anasema pole.

Alhamisi, 6 Machi

Tatizo dogo. Ukuta wa maktaba hauna alama. Umepakwa rangi nyeupe mwaka jana, umekaa kama shuka. Gari lolote lingeupiga lingeacha kitu, na daktari amesema kesho atakuja kujionea mwenyewe.

Nikaenda kona ya watoto. Nikachukua krayoni ya bluu. Nikachungulia kushoto na kulia. Nikapaka mstari ukutani, kimo cha bampa, nikausugua kwa kidole upate sura ya ajali. Kazi nzuri sana! Nikaingia ndani, nikanawa mikono.

Nilipotoka tena, ukuta mweupe. Mama wa usafi anakamua kitambaa, analalamika kuhusu watoto wa siku hizi.

Nikasubiri aende jikoni. Nikapaka tena, safari hii kwa haraka. Sanaa ilipungua kidogo. Akatoka, akaona, akafuta, akaja moja kwa moja mezani kwangu. "Bosi," akasema, "kuna mtoto ananichezea. Leo lazima nimkamate, na wewe utanisaidia."

Nifanye nini? Mimi ndiye msimamizi. Tukajificha wote wawili nyuma ya pazia la dirisha, yeye na ndoo, mimi na krayoni mfukoni. Tulikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuna mtoto aliyetokea.

"Mjanja sana huyu," mama wa usafi akasema.

Nikakubaliana naye.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Na bila alama yoyote ukutani!

Daktari alikuja mchana. Nilikuwa nimeandaa maelezo kwamba mvua imefuta, ingawa mvua haijanyesha. Hakuutazama hata ukuta. Alisimama mbele ya Kikohozi, mkono mdomoni, anatazama bampa. Akauliza waya ule ni wa nini. Nikasema nimeufunga mimi, jioni ile ile, lisianguke njiani likaumiza mtu. Waya umeliwa na kutu mpaka umekuwa mwekundu. Hakuona. Yeye alikuwa anaona kitu kingine kabisa, mbali.

Akaniambia nipeleke gari lote kwa fundi wake. Bampa, taa, boneti, vyote. Kisha akasema kitu ambacho sikukielewa vizuri: kwamba aliponigonga alihisi kama amegusa tu, na inatisha mtu kufanya uharibifu mkubwa hivi bila hata kujua.

Nikasema hata mimi nilishangaa.

Akavuka barabara polepole, akiangalia kushoto, kulia, kushoto tena. Jioni nikaona gari lake bado liko uwanjani. Dogo, jekundu, safi, halina mkwaruzo ila ule wa kwangu. Yeye ameondoka kwa miguu. Nikadhani anapenda mazoezi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimesherehekea kwa karanga. Mke wangu kauliza nasherehekea nini, nikasema Jumamosi. Karanga ya pili au ya tatu, kah! Gego la chini limepasuka. Nimeliona kwa kioo cha kunyolea. Nusu lipo, nusu halipo.

Mke wangu akasema bahati nzuri sasa unamjua daktari wa meno.

Nikasema litapoa lenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Halijapoa. Karafuu. Maji ya chumvi. Karafuu tena. Shavu limevimba, naonekana kama mtu aliyeficha yai. Nimekaa upande mmoja wa kiti siku nzima, bila sababu, kana kwamba jino liko kule chini. Mke wangu ananitazama na kushona, ananitazama na kushona.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda. Sikuwa na namna. Kliniki nyingine ziko mbali, na kila Kikohozi kinapoingia shimoni jino hupiga kelele kuliko injini.

Daktari alinipokea kama ndugu yake aliyetoka vitani. Akanilaza kwenye kiti, akaniwekea taa usoni, akaangalia, akaguna. Jino ni la kung'oa. Akachoma ganzi. Mdomo ukaanza kunitoka mikononi, kama vile ni wa mtu mwingine ameniazima. Akaniwekea pamba na vyuma vyake mle ndani. Halafu, tukisubiri ganzi ikolee, akaanza kuongea.

Hajaendesha gari tangu Ijumaa. Amejaribu. Anakaa kwenye usukani, anawasha, anaona bampa langu, anazima. Alikuwa akijiamini sana, akasema, kumbe amekuwa hatari barabarani bila kujua. Mama yake mzazi anaishi juu ya mlima, mahali ambapo basi halifiki. Kila Jumamosi humpelekea vitu vya wiki nzima na kumwosha nywele, kwa sababu mabega ya mama hayainuki tena. Juzi Jumamosi hakwenda. Jirani wa kule alimpigia simu kumwambia kwamba bibi amekaa getini na taulo shingoni tangu asubuhi, na hataki kuingia ndani.

Nikasema, "Aaah."

Akaniuliza kama inauma. Nikatikisa kichwa. Nilitaka kusema, Daktari, waya ule una kutu. Ikatoka, "Aaya ue ua uuu." Akasema pole, akaongeza ganzi.

Gari anauza, akasema. Ameshapata mteja, mtu mmoja mwenye heshima zake, kalipenda hata kabla ya kulijaribu. Bei si muhimu, anachotaka ni liondoke machoni pake. Kisha akashika koleo, akavuta. Jino lile lilitoka kwa urahisi kuliko neno lolote nililotaka kusema.

Nilipotaka kulipa alinizuia mkono. Baada ya aliyonitendea, akasema, hawezi kupokea kitu kutoka kwangu.

Nimevuka barabara na pamba mdomoni. Nimekaa ndani ya Kikohozi muda mrefu. Sikuwasha.

Nyumbani nilimkuta shemeji, furaha imemjaa mpaka kwenye masikio. Amepata gari la kumnunulia mkewe. Jekundu, dogo, safi, bei ya kutupa. Kuna mama mmoja daktari ameshindwa usukani. "Mimi ningekuwa wewe," akaniambia, "ningelia. Gari lilikuwa hapo mlangoni kwako kila siku na hukuliona."

Magari mawili! Shemeji! Na la pili nimempatia mimi, kwa jasho langu!

Sijui kinachoniuma zaidi, yule bibi na taulo lake au huyu. Naliandikia daftari ukweli: leo jioni ni huyu.

Jumanne, 11 Machi

Nimeamka na mpango. Lazima daktari abaki na gari lake. Lazima bibi aoshwe nywele. Lazima shemeji arudi nyumbani mikono mitupu. Na lazima mimi nisiaibike. Mambo yote manne kwa pamoja. Mtu mwingine angekata tamaa.

Nikavuka barabara mapema kabla wagonjwa hawajajaa. Nikamwambia daktari nina habari njema. Kuna msomaji mmoja maktaba, mtu wa kuaminika, aliona kila kitu. Bampa, taa na boneti havikuvunjwa na yeye. Vilivunjwa na gari lingine lililopita baadaye, likagonga, likakimbia.

"Gari gani?" akauliza.

Hilo swali sikuwa nimeliandaa. Nikatazama dirishani. Gari la maziwa lilikuwa linapita.

"La maziwa," nikasema.

Daktari akapiga makofi! Uso ule uliokuwa umenyauka kwa siku kadhaa ukachanua mbele yangu. Akanishika mikono yote miwili. Kwa hiyo alichogusa ni mlango tu? Mlango tu, nikasema. Kama alivyohisi? Kama alivyohisi. Nikajiona mtu mwema kupita kiasi. Laiti ningeondoka hapo hapo.

Akaniuliza kama ni lile gari la maziwa lenye picha ya ng'ombe ubavuni. Nikasema ndilo, ng'ombe alionekana wazi. Akasema mwenyewe anamjua, alimtengenezea meno ya mbele. Akachukua simu.

Nikamwambia hakuna haja, nimeshasamehe. Akasema hapana, mimi ni mwema mno, na watu wema ndio wanaoonewa. Nikamwambia nasamehe kwa moyo wote. Simu ikawa inaita. Nikasema msomaji yule amesafiri. Simu ikapokelewa.

Karafuu hazisaidii maumivu ya aina hii.

Jumatano, 12 Machi

Naandika haya kwa utulivu. Yamekwisha.

Saa ya wasomaji wengi, mlango wa maktaba ulifunguka mpaka ukagonga ukuta. Akaingia mama mmoja, mabega mapana, gumbuti za mpira miguuni. Nyuma yake daktari wa meno. Mama yule hakunong'ona. Sidhani kama amewahi kunong'ona maishani mwake.

"Nani hapa anasema nimemgonga?"

Ndiye mwenye maziwa. Ndiye dereva pia. Gari ni moja na anaendesha yeye mwenyewe tangu lilipokuwa jipya. Nikaonyesha bango la KIMYA. Akaliangalia, akanirudia mimi. Akataka nimwambie ni siku gani. Nikasema Jumanne ya wiki iliyopita.

"Jumanne ya wiki iliyopita," akawatangazia wasomaji, "gari langu lilikuwa juu ya mawe kwa fundi. Magurudumu yote yametolewa. Niliwabebea wateja maziwa kwa baiskeli. Sasa nieleze nilikugonga na nini, na ndoo?"

Mtu mmoja alicheka kule kwenye meza za magazeti. Nikasema pengine lilikuwa gari lingine la maziwa. Pengine ng'ombe alikuwa wa rangi nyingine. Mama wa usafi akatoka jikoni na kitambaa chake, akaegemea mlango kusikiliza. Daktari alikuwa ananitazama, hajakasirika bado, anajaribu kuelewa, na uso wake ulikuwa unaanza kunyauka tena. Kama si la maziwa, akauliza taratibu, basi ni yeye?

Bado ningeweza kupata la kusema. Nilikuwa nimeshafikiria trekta. Lakini mlango ukafunguka tena, akaingia shemeji. Shati limepigwa pasi, tabasamu limepigwa pasi. Amemtafuta daktari kliniki, ameambiwa yuko huku. Amekuja kumaliza ile biashara. Akanipungia mkono, kisha akanyoosha kiganja mbele ya daktari, apewe funguo. Na daktari, bila kumtazama, akaanza kuzitoa mfukoni.

"Mimi!"

Ilitoka kwa sauti ambayo maktaba ile haijapata kuisikia.

"Nilivunja mimi! Bampa, taa, boneti! Nilisahau breki ya mkono, nikapiga ukuta wa jirani! Waya una kutu, angalieni wenyewe! Usimpe!"

Kimya. Kimya ambacho bango langu halijawahi kukipata.

"Na ukutani hapo nje?" mama wa usafi akauliza.

"Mimi."

"Ile bluu?"

"Krayoni."

"Na tukakaa nyuma ya pazia," akasema, "mimi na wewe." Akakitupa kitambaa ndani ya ndoo, maji yakaruka mpaka kwenye suruali yangu, akaondoka zake. Katika wote waliokuwepo ndiye aliyekasirika zaidi.

Mama wa maziwa alinipima kwa macho kutoka juu hadi chini, akasema ana wateja wanasubiri. Shemeji alibaki na kiganja hewani. Daktari alikaa kwenye kiti kidogo cha kona ya watoto, magoti yakamfika kifuani. Nilidhani atapiga kelele. Ingekuwa nafuu.

"Jumamosi mama yangu alinisubiri mpaka giza likaingia," akasema. Basi. Hilo tu.

Kisha akasimama, akarudisha funguo mfukoni, akamwambia shemeji gari haliuzwi. Mimi akaniambia nipeleke mlango kwa fundi. "Mlango nilikugonga mimi kweli. Mlango nitautengeneza." Akatoka ameinyoosha shingo.

Nimeona aibu. Lakini niandike kila kitu: nilipoona sura ya shemeji anakwenda kutafuta usafiri wa kurudi nyumbani, maana alikuja kwa miguu ili aondoke na gari, kuna mahali ndani yangu palipopata nafuu kidogo.

Alhamisi, 13 Machi

Shemeji alifika nyumbani kabla yangu. Jana, bila shaka. Mke wangu hakusema kitu jana usiku kucha, wala asubuhi. Cherehani ndiyo ilisema. Ilikwenda kasi mpaka meza ikatembea.

Mchana akavuka mwenyewe kwenda kwa daktari. Sikumtuma. Niliwaona dirishani, wamesimama mlangoni mwa kliniki muda mrefu, na mara moja wote wawili waligeuka kutazama maktaba. Nikainama nikabandika namba.

Jioni akanipa hukumu. Daktari anataka kwenda kwa mama yake Jumamosi, lakini bado mikono inamtetemeka akishika usukani. Anahitaji mtu wa kukaa pembeni yake. Mke wangu amesema mtu huyo yupo.

Nikauliza nani.

"Baba Pacha," akasema, "usinichekeshe."

Ijumaa, 14 Machi

Nimeosha ukuta wote wa mbele wa maktaba kwa ndoo na brashi. Mama wa usafi alileta kiti, akakaa kivulini, akawa ananionyesha mahali palipobaki.

Jumamosi, 15 Machi

Nimerudi salama.

Mwanzoni alikwenda mwendo wa jeneza. Baiskeli zikatupita. Mtu mwenye mkokoteni akatupita, akatupungia mkono. Mimi nikakaa na begi la sabuni na mchele mapajani. Kila gari lilipotukaribia alishusha pumzi, akaniuliza kama kuna nafasi ya kutosha. Nikamwambia ipo. Akauliza kama namwambia kweli. Swali lile lilikuwa haki yake. Nikatoa kichwa dirishani, nikaangalia vizuri, nikasema ipo, na kiganja kizima kinabaki.

Kwenye kona za mlima alikuwa ameshasahau kuniuliza. Anaendesha vizuri sana, yule mama. Vizuri kuliko mimi. Nilisema hivyo kwa sauti, akatabasamu kidogo, upande wa barabara, si upande wangu.

Bibi alikuwa getini, taulo shingoni. Mdogo, amekauka, macho makali. Akauliza mimi ni nani. Nikasubiri daktari aseme yote. Akasema tu, "Ni mtu niliyemgonga na gari, mama."

Masikini bibi! Alinishika mkono akanikalisha kwenye kiti chenye mto. Akanipa chai ya kwanza. Akaniomba radhi kwa niaba ya binti yake, mara moja na mara nyingine tena, akanishika shavu lililovimba akadhani ndipo nilipoumia. Nikamtazama daktari aniokoe. Alikuwa anachota maji ya moto, amenipa mgongo, mabega yanatikisika. Nadhani alikuwa anacheka. Sina hakika.

Akamwosha mama yake nywele pale uani, juani. Nyeupe, laini, chache. Bibi amefumba macho, shingo ameilaza kwenye kiganja cha binti yake. Mimi nilishika jagi. Maji yalipokwisha nikaenda kuleta mengine bila kuombwa.

Wakati wa kuondoka bibi alinipa mayai, nipone haraka. Nimeyapokea. Ningekataaje?

Jumatatu, 17 Machi

Kikohozi kimetoka kwa fundi. Mlango wa nyuma, upande wa kushoto, unang'aa! Ukiinama unaona meno yako ndani yake, hata lile lisilokuwepo. Daktari amelipa kama alivyosema, fundi hakuniomba kitu. Leo asubuhi daktari alinisalimia kutoka ng'ambo ya barabara, na gari lake jekundu analiegesha kama zamani, ila mbali kidogo na langu.

Mke wangu amesema anatumaini nimepata funzo. Nimemwambia nimelipata kabisa. Nilimaanisha.

Shida ni moja tu. Mlango ule sasa unaaibisha gari zima. Zamani Kikohozi kilikuwa kimechakaa kote kwa usawa, hakuna aliyegundua. Sasa mtu akipita anaona bluu moja kali, kisha anaona mengine. Shemeji amesema kwamba yeye angekuwa mimi, angeuvua ule mlango akauhifadhi ndani ya nyumba.

Jumanne, 18 Machi

Nimetafakari sana na nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa ni uongo. Nilidai kugongwa mahali ambapo sikugongwa. Hilo sitalirudia maishani mwangu. Atakayenigonga sasa atakuwa amenigonga kweli, mahali penyewe, mchana kweupe, na watu wanaona.

Baada ya kazi nimezunguka kidogo, nikagundua mahali pazuri sana pa kuegesha, kwenye kona ya shule ya udereva, pale wanafunzi wanapotokea barabarani. Upande wa kulia nimeuacha nje, ule ambao haujaguswa. Mwalimu wao amekuja kunishauri kwamba kuna nafasi nyingi kule mbele, tena kuna kivuli. Nimemshukuru, nikamwambia hapa pananitosha.

Wa kwanza amepita mbali. Wa pili pia, nadhani wanafundishwa vizuri mno. Lakini sasa anakuja mzee mmoja, amekumbatia usukani kama anazama, na mwalimu pembeni yake ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

Naandika haya ndani ya gari. Nimefunga mkanda.